Shangazi, nikope ninunue Mac ili nimrekodi babu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nimepanga chumba na sebule, bati juu, silingi hakuna, na barabara ya bodaboda ipo mita chache kutoka dirishani. Mchana ni karani kwenye ghala la mazao, jioni napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani kwetu.

Babu yangu mzaa mama yuko Chamwino. Anapiga ilimba (ile marimba ya vidole ya Wagogo) na zeze, na anaimba nyimbo ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine yeyote. Ana nguvu bado, lakini umri umekwenda na vidole vimeanza kumsumbua asubuhi. Nataka nimrekodi vizuri, siyo kwa simu iliyoegemezwa kwenye kikombe kama tulivyofanya kwenye harusi ya dada. Baada ya hapo nataka nirekodi nyimbo zangu mwenyewe, gitaa na sauti, polepole hapo nyumbani.

Nimeweka akiba shilingi milioni moja na laki sita. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana jibu lake. Rafiki yangu aliyesomea mambo ya sauti anasema bila Mac nisijisumbue; kaniona MacBook Air, laptopu ya Apple, ya M1 iliyotumika kwa milioni mbili na laki moja, na anasema hiyo laki tano inayopungua nikope. Mkopo ninaoweza kuupata haraka ni wa hawa wa mtaani, unaujua. Winga mmoja wa Kariakoo kanitumia picha za laptopu ya kuchezea gemu yenye taa nyekundu kwenye kibodi, kwa milioni moja na laki tano na nusu, anasema hiyo haitakwama kamwe. Prodyuza mmoja wa Chang'ombe ananiambia nichukue kompyuta yoyote, ataniwekea FL Studio, programu ya muziki, iliyokrakiwa (iliyovunjwa kufuli la leseni) kwa elfu kumi. Na hapa mjini kuna fremu wanauza HP EliteBook 840 G5 ya mtumba kwa laki sita na nusu: prosesa ya i5, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Kwa wote niliowauliza, hiyo HP wanaidharau, wanasema ni ya kuandikia barua za ofisi.

Dada yangu anasema niache yote, nitumie simu.

Naomba unisaidie, Shangazi. Ninunue kompyuta gani, programu gani, na je nikope?

Mpiga gitaa wa Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu,

Usikope. Naanza na hilo kwa sababu najua mikopo kausha damu inavyofanya kazi, na sitaki ukamrekodi babu huku simu inaita ya marejesho. Hela uliyonayo inatosha kazi uliyoieleza, ilimradi usiimalizie yote kwenye kompyuta.

Angalia wote waliokushauri. Ukiacha dada yako, kila mmoja kakuelekeza kwenye mashine, wakati sauti ya babu inaharibika au inapona kabla haijafika kwenye mashine: chumbani, kwenye maiki, na kwenye kile kisanduku kinachogeuza sauti kuwa namba, ambacho mafundi wengi wa huku wanakiita saundikadi ya nje. Kompyuta inapokea tu na kuhifadhi. Rekodi ya sauti moja kwa ubora wa kawaida wa studio, yaani biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, inakula karibu megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye njia 10, yaani rekodi 10 zinazosikika pamoja, ni kama megabaiti 320. Kwa laptopu ya leo, hata ya mtumba, huo si mzigo. Mzigo unakuja unapopanga vinanda vingi vya ndani ya kompyuta na madoido juu yake, na wewe una gitaa, sauti na mzee mmoja mwenye ilimba.

Kwa hiyo ile HP wanayoidharau ndiyo ninayokushauri uiangalie kwanza. Sababu yangu kubwa ni prosesa yake, yaani ubongo wa mashine. Laptopu za ofisi za i5 za kizazi cha 7 kurudi nyuma, zile zenye herufi U mwishoni mwa namba, zilikuwa na viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanya hesabu kwa wakati mmoja. Kuanzia kizazi cha 8 zikawa na vinne. Hiyo ni tofauti unayoisikia unapofanya muziki. Halafu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Anayekuuzia ya kizazi cha 6 kwa bei nafuu anakuuzia kitu ambacho njia yake imeshafungwa. Namba yenyewe inasema: i5-8350U ni ya kizazi cha 8, i5-6300U ni ya 6. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Ukikosa HP hiyo, Lenovo ThinkPad T480 na Dell Latitude 5490 ni za kundi hilohilo. T480 ina uzuri wa ziada kwa sisi tunaokatikiwa umeme: ina betri ya ndani na nyingine ya nje unayoweza kuibadilisha bila kuzima mashine.

Nenda mwenyewe dukani, usinunue kwa picha. Iombe iwashwe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance. Hapo utaona prosesa kwa jina lake kamili, utaona kama diski ni SSD kweli, na kwenye Memory utaona nafasi za RAM ni ngapi na ngapi zimejazwa. Ikiwa inasema imetumika 1 kati ya 2, furahi, maana utaongeza kipande kingine cha 8 ufike 16 bila kutupa kilichopo. Kisha fungua kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Humo tafuta mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake inapojaa sasa. Ikiwa ya sasa ni chini ya nusu, mwambie muuzaji apunguze bei au abadilishe betri. Zima, washa tena, uone kama inakuomba neno la siri kabla Windows haijaanza. Laptopu nyingi za mtumba zinatoka maofisini na baadhi huja na kufuli hilo. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Halafu nyamaza uisikilize. Feni inayokoroma dukani wakati hakuna kazi yoyote itakoroma ndani ya kila wimbo wako. Huku kwetu vumbi la kiangazi linajaza feni upesi, mwombe fundi aifungue aipulize kabla hujaondoka nayo.

Rafiki yako wa Mac hakukudanganya, na ninataka umtendee haki. Ile M1 ya mwaka 2020 ni mashine nzuri sana ya muziki. Toleo la Air halina feni kabisa, kimya chake ni cha thamani chumbani, na GarageBand, programu ya Apple ya kurekodi, inakuja bure. Ungekuwa na milioni tatu na nusu mkononi ningekwambia nunua. Lakini wewe utafika nyumbani na kompyuta nzuri, deni, na hakuna hata maiki moja. Utamrekodi babu kwa maiki ya ndani ya laptopu, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mikutano ya mtandaoni.

Ya gemu achana nayo. Fedha yako kubwa pale inalipia kadi ya picha, ambayo kwenye kurekodi sauti haina kazi ya maana, na feni zake zinapiga kelele.

Sasa programu. FL Studio ni programu halali na nzuri. Ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, wenyewe wapo Ubelgiji, na vijana wengi wa bongo fleva wamejifunzia humo kutengeneza biti. Mtu anayeanza na biti ningemwambia ainunue, kwa sababu ukishalipa mara moja unapata matoleo mapya maisha yote. Ila wewe unaanza na watu wanaopiga na kuimba, na kwa kazi hiyo nakupa Reaper. Faili lake la kupakua ni dogo, bando lako halitaumia. Inafanya kazi Windows, Mac na hata Linux, inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, yaani kama laki moja na nusu ya kwetu kutegemea dola imeamkaje. Haina vinanda vingi ndani yake, hilo ulijue mapema. Ukihitaji, kuna vya bure kama LABS vya Spitfire. Lakini kwa kurekodi njia kadhaa, kukata, kupanga na kuchanganya, inakutosha miaka mingi.

Ile ya kukrakiwa ya elfu kumi, ikatae. Nasema hivi kwa uzito. Unakwenda kurekodi sauti ya mzee ambayo haitarudiwa, halafu unaiweka ndani ya kompyuta iliyofunguliwa mlango na mtu usiyemjua, aliyekuambia uzime kinga ya virusi ndipo programu iingie. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia, nyimbo za babu zinakwenda nazo. Na prodyuza yuleyule aliyekuwekea ataishi kwa nini, ikiwa sote tunaona kazi ya mtu mwingine ni ya kuchukua? Kama dola 60 ni ngumu mwezi huu, anza na Audacity. Ni ya bure na halali tangu mwaka 2000, na kurekodi sauti mbili tatu inaweza vizuri.

Ukilipa laki sita na nusu ya HP unabaki na laki tisa na nusu. Hapo ndipo muziki wako ulipo, mwanangu. Nunua saundikadi ya nje yenye matundu mawili ya maiki, kwa sababu babu anaimba huku anapiga na siku moja utataka maiki moja mdomoni na nyingine kwenye ilimba. Focusrite Scarlett 2i2 inajulikana na dereva zake, yaani programu ndogo zinazoiunganisha na kompyuta, ni nzuri; zipo za Behringer za bei ya chini zinazofanya kazi. Nunua maiki moja ya dainamiki kwanza, aina ya Shure SM57 au inayofanana nayo, kutoka kwa muuza vyombo vya muziki unayeweza kumrudia, kwa sababu Shure bandia zimejaa sokoni. Utaambiwa maiki ya aina nyingine, kondensa, ndiyo ya studio. Ni kweli inasikia vizuri zaidi, na ndiyo sababu hapo Nkuhungu itasikia bodaboda, bati likitanuka kwa jua, na jirani anayetwanga. Kondensa itakuja baadaye. Ongeza stendi, waya wa maiki (XLR) usio mwembamba, na hedifoni zinazofunika sikio lote ili mapigo yasivuje kuingia kwenye maiki. Kipande cha RAM na diski ya nje, halafu Reaper. Kikipungua kitu, RAM isubiri, diski isisubiri.

Kuna jambo litakukera wiki ya kwanza na utadhani laptopu ni mbovu. Utaimba, na sauti yako itarudi kwenye hedifoni ikiwa imechelewa kidogo, utaanza kuvuta wimbo bila kujua. Chanzo ni bafa, akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuishughulikia. Ikiwa ni sampuli 1,024, ni zaidi ya milisekunde 23 kwenda tu, kurudi bado. Ishushe hadi 128 wakati wa kurekodi, inakuwa kama milisekunde 3. Ipandishe tena wakati wa kuchanganya, mashine ipumue. Kwenye Reaper chagua dereva ya ASIO iliyotoka kwa watengenezaji wa saundikadi yako, usitumie ile ya kawaida ya Windows. Na ile saundikadi ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja, sauti haipiti kwenye kompyuta kabisa. Kibonyeze, tatizo linakwisha.

Dada yako naye asidharauliwe. Simu uliyonayo, ikiwekewa programu ya kurekodi WAV (sauti isiyobanwa) na kupangwa kwenye meza yenye kitambaa, inaweza kuanza kazi leo usiku. Rekodi gitaa lako ukiwa umbali tofauti, sikiliza, sogea, rudia. Huo ujuzi wa kujua maiki ikae wapi utahama na wewe siku vifaa vikija.

Kwa babu, usimlete Nkuhungu. Wewe nenda Chamwino. Mkalishe nje, chini ya mti, asubuhi kabla upepo haujaanza. Nje hakuna kuta za kurudisha mwangwi wala bati. Na hapa ndipo laptopu inaishinda kompyuta ya mezani: saundikadi inakula umeme kutoka kwenye USB, laptopu iko kwenye betri, huhitaji soketi, na ule mngurumo unaoingia kwenye rekodi chaja ikiwa imechomekwa hautakuwepo. Ivishe maiki kofia ya sponji. Anza kuiweka shubiri moja na nusu kutoka kwenye ilimba, kidogo pembeni ya tundu, kisha sikiliza kwa hedifoni huku ukiisogeza mpaka usikie vidole na sanduku kwa pamoja. Muombe apige wimbo wake wenye nguvu kuliko zote, rekebisha kiwango ili kilele kisipite desibeli -12 kwenye mita ya sauti ya programu, halafu usiguse tena. Fanya hivyo kabla msimu wa mvua haujaanza. Mvua za Dodoma zikishika Desemba, hutapata asubuhi nyingi kavu.

Kuna mambo mawili ya muziki wa Kigogo ambayo programu itajaribu kukuharibia, na fundi asiyeujua muziki huo atakushauri uiruhusu. La kwanza ni ule mvumo wa kukereketa unaofuata kila noti ya ilimba. Tundu la sanduku mara nyingi hufunikwa utando wa buibui makusudi ili litetemeke. Ukiweka kiondoa kelele, programu itaona mvumo huo ni takataka na kuufuta, na ilimba itabaki kama kopo. Uache. La pili ni sauti zenyewe. Mpangilio wa noti za Kigogo unafuata sauti za asili zinazozaliwa juu ya sauti moja ya msingi, haufuati vipande sawa vya kinanda. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani nayo kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ukimwekea babu kirekebisha sauti (autotune), kitamvuta kutoka mahali pake sahihi kumpeleka mahali pa kinanda. Kizime kabisa. Ukitaka kupiga gitaa naye, wewe ndiye ulegeze nyuzi umfuate yeye. Tafuta rekodi za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuipeleka ilimba na zeze hadi Ulaya, uzisikilize kwa hedifoni zako mpya kabla hujaenda. Sikiliza mvumo umeachwa kiasi gani, na sauti yake ilivyo karibu.

Siku hiyo usimsimamishe mzee katikati kwa sababu kuku kawika. Acha rekodi iendelee. Kati ya nyimbo muulize wimbo unaitwaye, unaimbwa wakati gani, kafundishwa na nani, akujibu kwa Kigogo au vyovyote apendavyo, maiki ikiwa wazi. Muulize pia, mbele ya mama yako au mjomba, ni zipi anaruhusu zisikike nje ya familia na zipi hapana, na jibu hilo nalo lirekodi. Kabla hujaondoka Chamwino, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, na nakala nyingine iwe kwenye flashi utakayomwachia mjomba. Yape majina yenye tarehe na jina la wimbo, usiache majina yale ya namba yanayotolewa na programu.

Ukishainunua HP, niandikie namba ya prosesa na ile ripoti ya betri inasemaje, tuipangie siku ya kwenda.

Shangazi yako